Kwa nini ndege inaganda hewani kila nikiingiza data yangu?

"Jambo sana mwalimu. Niko mwaka wa mwisho Polytechnique, hapa Lubumbashi. Kazi yangu ya kumaliza masomo ni ndege ndogo isiyo na rubani: bawa la urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 25, uzito kilo 4, mwendo mita 15 kwa sekunde. Data ya bawa niliitoa kwenye XFLR5, programu ya kuchambua mabawa, nikaipanga kwenye Excel, nikaihifadhi kama CSV. Programu yetu ya simulesheni inataka safu nne: alfa (pembe ya bawa na upepo), CL (kuinua), CD (ukinzani wa hewa), Cm (kusukuma pua juu au chini). Mara ya kwanza iliikataa faili. Nikageuza nukta-mkato zote kuwa mkato, ikaikubali bila neno. Lakini sasa ndege ikianza tu inaganda hewani kama imegonga ukuta, halafu inarushwa juu na kupinduka kinyumenyume. Mwenzangu mmoja anasema kompyuta yangu imechoka, mwingine anasema data za intaneti ni mbovu. Nimeanza kutafuta pesa za mashine mpya. Nakutumia mistari miwili, kabla na baada ya kugeuza. Aksanti."

Kabla:
4;0,645;0,0112;0,0047;-0,051
4,5;0,69;0,0117;0,0051;-0,05

Baada:
4,0,645,0,0112,0,0047,-0,051
4,5,0,69,0,0117,0,0051,-0,05

Mdogo wangu, pesa za mashine ziache zilipo. Kompyuta iliyochoka inachelewa, inapata joto, inazimika. Haigeuzi 0.645 kuwa 645. Na data zako za bawa si mbovu hata kidogo. Nimeziangalia, zinafanana na bawa la kawaida la ndege ndogo. Kilichoharibika ni mkato, na uliuharibu mwenyewe siku ile ulipofurahi kwamba faili imekubaliwa. Nakushukuru kwa kutuma mistari yenyewe. Wengi hunitumia picha ya ndege ikianguka kwenye skrini, nami siwezi kutibu picha.

Chukua mstari wa kwanza wa "baada" uusome kwa kidole, kama programu inavyousoma. Yenyewe haijui kwamba "0,645" ni namba moja. Inajua tu kwamba kila mkato ni ukuta kati ya safu mbili. Kwa hiyo inaona 4, kisha 0, kisha 645, kisha 0, na hapo safu zake nne zimejaa. Yaliyobaki mkiani inayaacha. Ulichoiambia ni hiki: alfa digrii 4, CL sifuri, CD 645, Cm sifuri. Bawa haliinui chochote, na ukinzani wa hewa ni 645.

Hiyo 645 ni kubwa kiasi gani? Ubao bapa ulioshikwa wima kabisa mbele ya upepo una CD ya 1.2 hivi. Kwa mwendo wako na eneo lako la bawa (nusu mita ya mraba), CD ya 645 inazaa nguvu ya karibu newtoni 39,000, sawa na uzito wa tani nne, juu ya ndege ya kilo nne. Huo ndio ukuta uliouona. Programu haikukosea hesabu. Ilihesabu vizuri sana mambo ya ajabu uliyoipa.

Sasa mstari wa pili: 4, 5, 0, 69. Alfa ni 4 tena, maana ile nusu digrii imetoroka na kuwa safu ya pili. CL imekuwa 5, ambayo bawa lako halitaifikia milele. CD ni sifuri, hewa imepotea. Na Cm, ile namba inayosema pua inasukumwa juu au chini, imekuwa 69. Kwa vipimo vyako hizo ni newtoni-mita elfu moja na kitu, kama mtu wa kilo 70 aning'inie mwisho wa mti wa mita moja na nusu. Ndege ya kilo nne ikisukumwa hivyo lazima ipinduke kinyumenyume. Unaona kwamba mstari mmoja unaigandisha na unaofuata unairusha. Tofauti yao ni kwamba Excel iliandika "4" bila desimali na "4,5" yenye desimali, basi safu zikasogea kwa hatua tofauti kila mstari. Ndiyo maana hata ungemwambia rafiki "futa safu ya pili tu", isingesaidia.

Chanzo cha yote haya ni cha kawaida sana kwetu. Shuleni tulifundishwa kuandika desimali kwa virgule, yaani mkato. Kompyuta zetu zimepangwa kwa Kifaransa, na Excel ya Kifaransa, kwa kuwa mkato umeshachukuliwa na desimali, hutenganisha safu kwa nukta-mkato. Vuka Kasumbalesa uingie Zambia, kilomita mia moja hazifiki kutoka hapa, utakuta watu wameandika 0.645 tangu darasa la kwanza, na CSV zao zinatenganishwa kwa mkato. Programu nyingi za anga zimeandikwa na watu wa desturi hiyo ya pili. CSV yenyewe ni maandishi matupu tu; hakuna mahali ndani yake panapoandikwa "hapa tunatumia virgule". Msomaji anakisia. Faili yako ya kwanza ilipokataliwa, programu ilikuwa inakutendea wema: ilisema sielewi. Ilipofika ya pili, programu ilihesabu namba zikatosha, ikakufungulia geti kama mlinzi anayetazama kwamba umeshika karatasi bila kuisoma.

Kutengeneza ni kazi ya dakika mbili, lakini mpangilio wake ndio kila kitu. Rudi kwenye faili ya kwanza, ile ya nukta-mkato. Ifungue kwa Notepad. Kwanza geuza kila mkato kuwa nukta. Angalia mstari: 4;0.645;0.0112;0.0047;-0.051. Ndipo ugeuze kila nukta-mkato kuwa mkato. Ukianza na nukta-mkato, kama ulivyofanya, alama mbili zenye kazi tofauti zinakuwa moja, na hakuna tena njia ya uhakika ya kujua ipi ilikuwa desimali na ipi ilikuwa ukuta. Ni kama unga wa mahindi na wa muhogo: ukishauchanganya kwa ajili ya bukari (ugali), hakuna chekecheo la kuutenganisha. Faili ya "baada" ifute kabisa, isije ikakurudia usiku wa kuamkia utetezi wa kazi yako.

Ukishatengeneza, usiifungue tena kwa kuibofya mara mbili. Excel itaipokea kwa desturi yake ya Kifaransa na unaweza kuhifadhi uharibifu mpya bila kujua. Kama unataka Excel yenyewe iandike nukta, ingia Fichier, Options, Options avancées, utoe alama kwenye "Utiliser les séparateurs système", uweke nukta kama alama ya desimali. Mimi siipendi sana njia hiyo, kwa sababu siku ya pili utafungua kazi ya mtu mwingine na usahau uligusa nini. Kama unajua Python kidogo, njia safi zaidi ni kuiacha faili ilivyo na kumwambia msomaji ukweli: katika pandas, read_csv ina sep=';' na decimal=','. Kwa faili moja Notepad inatosha. Kwa faili ishirini za kasi mbalimbali, andika skripti, maana mkono wa mtu aliyechoka huruka faili ya kumi na tatu.

Kuna hitilafu ndogo mbili za namna hiyo nizitaje haraka. Ukihifadhi kwa "CSV UTF-8", Excel huweka baiti tatu zisizoonekana mwanzoni mwa faili, na baadhi ya programu hushindwa kusoma namba ya kwanza kwa sababu yake. Na ukinakili namba hasi kutoka PDF, ile alama ya kutoa inaweza kuwa kistari kirefu ambacho kwa macho yako ni kilekile, kwa programu ni herufi ngeni.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikujibu kwa urefu huu. Ukirekebisha mikato leo usiku, ndege itatulia. Itaruka. Utawaita wenzako waone. Na bado itakuwa na kosa, baya kuliko la kwanza.

Hesabu namba kwenye mstari wako wa "kabla". Ziko tano. Programu inataka nne. XFLR5 inatumia hesabu za XFOIL, programu aliyoiandika Mark Drela wa MIT miaka ya 1980, na mpangilio wa safu ni uleule: alfa, CL, CD, kisha CDp, ndipo Cm. Hiyo CDp ni ile sehemu ya ukinzani inayotokana na shinikizo peke yake. Imeshahesabiwa ndani ya CD, huihitaji. Lakini imekaa nafasi ya nne, na programu yako itaichukua kama Cm. Mahali pa -0.051 itasoma 0.0047. Zote ni namba ndogo, zote zina sura ya heshima, hakuna kitakachoganda wala kupinduka. Ila bawa linalosukuma pua chini limegeuka kuwa bawa linaloiinua kidogo.

Kosa hili nalijua kwa sababu lilinigharimu. Miaka hiyo nilikuwa na modeli ya mbao nyepesi, karibu ukubwa wa yako. Simulesheni iliniambia pua inapenda kuinuka kidogo, nikaona nirekebishe: nikafunga vipande vya risasi kwenye pua na kukishusha kidogo kibao cha mkiani kinachoongoza pua. Tuliirusha kwenye uwanja wa mpira saa kumi na mbili asubuhi. Haikuvuka hata mstari wa katikati. Iliinamisha pua kama kuku anayedonoa, na bawa la kushoto likapasuka toka shina hadi ncha. Nilimlaumu aliyenisaidia kurusha. Wiki moja baadaye ndipo nilipofungua faili nikahesabu safu.

Kwa ndege yako tofauti hiyo ni karibu newtoni-mita 0.8, kama vile umening'iniza gramu 400 sentimita 20 mbele ya kitovu cha uzito bila kujua. Kwa hiyo kabla ya kuingiza, futa safu ya CDp. Zile nyingine zinazofuata Cm kwenye faili ya XFLR5, zinazoeleza mahali hewa inapoanza kuchafuka juu na chini ya bawa, nazo ziondoe.

Baada ya hapo, fanya jaribio ambalo nawalazimisha wanafunzi wangu wote. Chagua mstari mmoja, uhesabu kwa kalamu, kisha uiulize programu mstari huohuo. Wako wa digrii 4 unafaa sana. Nguvu ya kuinua ni nusu, mara uzito wa hewa kwa mita ya ujazo, mara kasi kwa kasi, mara eneo, mara CL. Lubumbashi iko mita 1,300 hivi juu ya bahari, na kwa hewa ya kipimo cha kimataifa mwinuko huo una kilo 1.08 kwa mita ya ujazo. Nusu ya 1.08 mara 225 ni 121.5. Mara 0.5, mara 0.645, unapata newtoni 39.2. Ndege yako ya kilo 4 ina uzito wa newtoni 39.2. Yaani kwenye digrii 4 na mwendo wa mita 15, bawa linaibeba sawasawa. Programu ikikuambia 39, umeingiza vizuri. Ikikuambia 44, usishangilie: imebaki kwenye hewa ya usawa wa bahari, kilo 1.225, ambayo ndiyo inakuja ikiwa imewekwa katika programu nyingi. Inakuahidi nusu kilo ya mzigo ambayo hewa ya Katanga haina. Na mchana wa Oktoba, joto likifika digrii 32, hewa yetu inashuka hadi karibu 0.99. Bawa lilelile kwa mwendo uleule linabeba kilo 3.66 tu. Joto hilo weka ndani ya simulesheni, usilikute uwanjani.

Ukikuta jibu ni la ajabu kabisa, shuku digrii na radiani, vile vipimo viwili vya pembe. Programu nyingine, JSBSim kwa mfano, hukuruhusu kutumia jedwali la alfa kwa radiani au kwa digrii, ni wewe kutaja ipi. Ukiipa 4 ikadhani ni radiani, hizo ni digrii 229: ndege inaruka kinyumenyume. Kinyume chake kinajificha zaidi. Jedwali lako likiwa kwa radiani, likianzia -0.17 hadi 0.26, na programu ikalisoma kama digrii, basi pembe yoyote ya kawaida iko nje ya jedwali. JSBSim haikisii kupita mwisho wa jedwali. Inashikilia thamani ya mwisho. Ndege yako itapata CL ya digrii 15 hata ikiwa na digrii 2, itapanda kama mwewe, nawe utasema umebuni bawa la ajabu.

Sasa, swali ambalo hukuniuliza. Data hizi ni za profili ya bawa, yaani umbo lake likikatwa kama mkate, si za bawa zima. XFOIL huhesabu kana kwamba bawa halina ncha, linaendelea milele kushoto na kulia. Lako lina mita 2 kwa sentimita 25, urefu mara nane ya upana. Hewa inazunguka kwenye ncha, na CL hupanda polepole zaidi kadiri pembe inavyoongezeka, karibu moja ya tano chini ya hiyo uliyonayo. Kilicho kikubwa zaidi ni ukinzani unaozaliwa na kuinua kwenyewe: kwa CL ya 0.645 unakuwa kama 0.018, wakati CD yako yote kwenye faili ni 0.0112. Yaani faili yako inaacha nje zaidi ya nusu ya ukinzani wa bawa. Betri uliyoichagua kwa hesabu hiyo itakwisha mapema.

Una njia mbili. Unaweza kurudi XFLR5 ukajenga bawa zima na mkia wake, ukatoa data za ndege badala ya za profili. Ni kazi ya siku mbili tatu, na ndiyo ningeichagua kwa kazi ya kumaliza masomo. Au, muda ukikubana, bakia na profili lakini ongeza masahihisho hayo mawili kwa mkono na uyaandike wazi kwenye ripoti. Jopo halitakukata alama kwa kukadiria. Litakukata kwa kutojua kwamba ulikadiria. Vyovyote vile, tumia data za namba ya Reynolds ya 200,000 hadi 230,000, ndizo zinazolingana na upana wako, mwendo wako na hewa yetu. Polari (jedwali la namba hizi za bawa) ya Reynolds milioni moja inayozunguka mitandaoni ni ya ndege kubwa kuliko yako. Na kumbuka Cm ya profili imepimwa kwenye robo ya upana, kwako sentimita 6.25 kutoka ukingo wa mbele. Mahali hapo panatakiwa kuandikwa kwenye programu, pasichanganywe na kitovu cha uzito.

Kama baada ya haya namba ya kalamu na ya programu bado hazikubaliani, usiendelee kubahatisha peke yako hadi umeme ukatike. Nenda chuoni Kasapa kwa msimamizi wako ukiwa na vitu vitatu: faili ilivyotoka XFLR5 bila kuguswa, faili uliyoingiza, na karatasi ya hesabu ya mstari mmoja. Kwa vitu hivyo mtu anayejua kazi atakuonyesha kosa mkiwa mmesimama. Wakikucheka kwamba mambo ya anga si ya huku, waambie mwaka 1977 na 1978, Katanga ya zamani ikiitwa Shaba, kampuni ya Kijerumani OTRAG ilikuja kujaribu roketi zake kaskazini mwake.

Kurusha ndege yenyewe ni jambo jingine, hilo siwezi kukusaidia kwa maandishi. Kibali kinatoka Autorité de l'Aviation Civile, kiombe mapema, na usikaribie njia ya ndege za uwanja wa Luano hata kama unaona anga ni tupu. Tafuta mtu aliyewahi kurusha modeli kwa mikono yake, akupimie kitovu cha uzito kwa vidole viwili chini ya bawa kabla hujawasha mota. Na kama tarehe iko mikononi mwako, chukua asubuhi ya Julai, baridi ingali inauma.